Halmashauri isipokujibu: namna ya kufikisha lalamiko la huduma kutoka mtaani Tanga hadi kwenye uamuzi wa Tume

Mkazi wa Tanga aliyepigwa kalenda miezi kadhaa kwa kibali cha ujenzi, au anayelipa ushuru wa taka huku ghuba la kukusanyia taka mtaani kwake likifurika, anayo haki ya kuomba chombo huru kiangalie kama ofisi husika ilifanya kazi yake inavyotakiwa. Kwa Tanzania chombo hicho ni Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Haitozi ada, haidai uje na wakili, na Kiswahili ndicho utakachokitumia mwanzo hadi mwisho.

Lalamiko likikwama, mara nyingi chanzo ni karatasi iliyokosekana mapema, wakati mkazi bado anaongea kwa mdomo na mtendaji wa mtaa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kazi ya kufanya kabla hujaiandikia Tume hata mstari mmoja.

Tume ina nguvu gani

Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kuwa na chombo cha namna hii: Tume ya Kudumu ya Uchunguzi iliundwa 1966 ili kusikiliza malalamiko ya wananchi dhidi ya wenye madaraka. Tume ya sasa imerithi kazi hiyo na kuongezewa ya haki za binadamu. Msingi wake ni ibara ya 129 ya Katiba na Sheria Na. 7 ya 2001, yaani Sura ya 391.

Inaweza kuanza uchunguzi kwa sababu umelalamika wewe, kwa sababu mtu mwingine amelalamika kwa niaba yako, au kwa hiari yake yenyewe. Inaweza kumwita afisa atoe maelezo na kudai jalada liletwe mezani. Ikimaliza, inatoa mapendekezo na inaweza kuitaka mamlaka iliyolalamikiwa ieleze, ndani ya muda usiozidi miezi 3, imechukua hatua gani. Mapendekezo hayo peke yake si amri ya mahakama, na hapa ndipo wengi hukata tamaa mapema: wanadhani ni ushauri wa kuwekwa kabatini. Sheria inairuhusu Tume, pale hatua za maana zisipochukuliwa, ifungue shauri mahakamani au impendekezee mtu anayestahili afungue, ili mapendekezo yatekelezwe.

Njia hiyo imeshapitiwa. Wakazi 135 wa Nyamuma, wilayani Serengeti, waliondolewa kwa nguvu kwenye makazi yao 2001. Tume ilichunguza na kupendekeza walipwe fidia, serikali ikakataa. Suala lilifika Mahakama ya Rufani katika rufaa ya madai namba 88 ya 2006, na mahakama ikakubali kwamba Mahakama Kuu inaweza kuombwa itekeleze mapendekezo ya Tume. Afisa akikwambia "hayo ni mapendekezo tu", mkumbushe kwa adabu kifungu cha 28 cha Sura ya 391.

Kuna mambo Tume haiyagusi: Rais wa Jamhuri na Rais wa Zanzibar, mahusiano ya serikali na nchi za nje au mashirika ya kimataifa, msamaha wa Rais, na shauri ambalo tayari liko mahakamani au kwenye baraza la kimahakama. Hili la mwisho ndilo linalowanasa wakazi, hasa kwenye ardhi. Ukishafungua kesi ya kiwanja kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, Tume itakurudisha huko huko.

Hakikisha unayemlalamikia ndiye mwenye kazi

Halmashauri ya Jiji la Tanga inabeba lawama nyingi zisizo zake. Kabla ya kuandika, jiulize nani kisheria anatoa huduma hiyo.

Maji na majitaka ni ya Tanga UWASA. Ukishindwana nao unakwenda EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, na EWURA CCC, baraza la watumiaji wa huduma hizo, inaweza kukusaidia kuandaa lalamiko. Umeme ni TANESCO, na mdhibiti ni huyo huyo EWURA. Barabara za mitaa na mitaro yake ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017. Barabara kuu na za mkoa ni TANROADS. Hospitali ya Bombo ni hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo chini ya Wizara ya Afya, kwa hiyo lalamiko lake linaanza kwa Mganga Mfawidhi wa hospitali hiyo. Kituo cha afya cha kata na zahanati ni vya Jiji.

Kinachobaki kwa Jiji bado ni kingi: uzoaji wa taka, masoko na ugawaji wa vizimba na meza, vibali vya ujenzi, leseni za biashara, ushuru mbalimbali, shule za msingi na sekondari za serikali, upangaji na upimaji wa viwanja, na mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu).

Anayeishi pembezoni mwa Jiji, kuelekea Muheza au Mkinga, athibitishe kwanza kata yake iko halmashauri gani. Mkoa una halmashauri 11, na barua ikienda isiyohusika utaambiwa hivyo baada ya wiki tatu.

Mambo mawili yana mlango wake. Ukiombwa rushwa, taarifa inakwenda TAKUKURU, simu 113 bila malipo. Mzabuni aliyenyimwa zabuni anakwenda Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma. Usiyachanganye haya na lalamiko la huduma. Barua inayosema "taka hazizolewi na afisa ni mla rushwa", bila ushahidi wa sehemu ya pili, inampa afisa nafasi ya kujibu tuhuma na kuacha taka zilipo.

Maswali mawili yanayoamua lalamiko

Vyombo vya aina hii duniani vinafanana katika jambo moja. Uingereza, ambako chombo cha kushughulikia malalamiko dhidi ya halmashauri kipo kwa sheria ya 1974, maamuzi yake hujengwa juu ya maswali mawili: je, halmashauri ilikosea, na je, kosa hilo lilimdhuru mlalamikaji? Tunashauri mkazi wa Tanga aandike lalamiko lake kwa kujibu maswali hayo hayo, kwa mpangilio huo, kwa sababu ndiyo atakayojiuliza mtu yeyote atakayelisoma kwa haki.

Kosa ni kitu unachoweza kukinyooshea kidole: ofisi ilichelewa kupita muda iliojiwekea, haikufuata utaratibu wake, haikujibu barua, ilikataa bila kutoa sababu, ilikupa taarifa isiyo sahihi ukaifuata ukaumia, ilipoteza jalada, ilimhudumia mwingine kwa kigezo tofauti na chako. Kutofurahia uamuzi hakutoshi. Kamati ikikataa ramani yako kwa kuwa umejenga ndani ya hifadhi ya barabara, ikakuandikia sababu hiyo, Tume haitakaa kwenye kiti cha kamati na kuamua upya. Kamati ikikaa na ramani miezi minane bila neno, hapo pana kosa.

Madhara nayo yaandikwe kwa kipimo: fedha, siku, afya, mali. "Tumeteseka sana" haimsaidii mchunguzi. "Maji machafu yaliingia chumbani tarehe 14 Aprili, godoro moja na kilo 50 za unga vikaharibika" inamsaidia.

Utajuaje kipimo cha kosa? Omba Mkataba wa Huduma kwa Mteja wa halmashauri. Ni kijitabu au bango linalotaja kila huduma na siku inazopaswa kuchukua. Ukipata ukurasa unaohusu huduma yako, upige picha, kwa sababu ni ahadi ya ofisi yenyewe kwa maandishi yake. Ukiongeza sheria ndogo ya halmashauri inayohusika, kwa mfano ya usafi wa mazingira au ya ushuru, utakuwa na vyote viwili, wajibu na muda.

Jalada lako

Nunua faili moja la kadibodi na daftari dogo. Kwenye daftari, kila tukio liwe na mstari wake: tarehe, saa, ofisi uliyokwenda, cheo cha uliyeongea naye, alichosema, alichoahidi. Andika siku hiyo hiyo. Maelezo yaliyoandikwa miezi mitatu baadaye yanapishana tarehe, na afisa mwenye jalada lililopangwa atayabomoa kwa swali moja.

Risiti zinahitaji uangalizi wa peke yake. Risiti ya mashine ya ushuru huchapwa kwa joto kwenye karatasi maalumu, haina wino. Ikikaa kwenye mkoba uliobanwa na jasho, au kwenye dashibodi ya bajaji juani, baada ya miezi michache inakuwa karatasi nyeupe tupu. Itoe kopi wiki hiyo hiyo, kisha kwenye kopi andika kwa kalamu namba ya malipo, kiasi na tarehe. Kwa malipo yaliyopitia simu au benki, usifute ujumbe. Upige picha ukionyesha namba ya malipo na jina la aliyelipwa. Aliyepokea fedha yako bila kukupa risiti ya mashine hajakusanya kwa niaba ya Jiji kwa utaratibu, na hilo nalo ni la kuandika.

Picha za mnato za ghuba, mtaro au jengo zipigwe zaidi ya mara moja, kutoka sehemu ile ile, zikionyesha kitu kisichohama kama nguzo ya umeme au kona ya duka. Picha moja inathibitisha kwamba siku moja palikuwa na taka. Picha tatu za wiki tatu, zenye nguzo ile ile, zinathibitisha kwamba hakuna aliyekuja.

Anwani iwe ile iliyoko kwenye kibao cha nyumba kilichowekwa na mpango wa anwani za makazi. Kwa Ngamiani, kutaja "barabara ya 9" bila namba ya nyumba kunamwacha mkaguzi akizunguka.

Nakala halisi hazitoki nyumbani. Kila ofisi inapewa kopi. Hati ya kiwanja, barua ya toleo au ramani iliyogongwa muhuri ikipotea masijala, yaani chumba cha kupokea na kutunza barua na majalada, utaanza lalamiko jingine kabla ya kumaliza la kwanza.

Barua ya kwanza

Anza chini, kwa mtendaji wa mtaa na mwenyekiti wa mtaa, na ulitaje jambo kwenye mkutano wa wakazi ili liingie kwenye muhtasari. Usikae hapo zaidi ya wiki mbili. Hatua inayohesabika ni barua kwa Mkurugenzi wa Jiji, kwa kuwa ndiye mtendaji mkuu wa halmashauri na Tume itauliza kama yeye alipewa nafasi ya kurekebisha.

Mfano ufuatao ni wa taka. Badilisha yaliyomo kulingana na jambo lako, lakini mpangilio ubaki.

Nyumba Na. ……, Barabara ya ……
Mtaa wa ……, Kata ya ……
S.L.P. ……, Tanga
Simu: ……
Tarehe: ……

Mkurugenzi wa Jiji,
Halmashauri ya Jiji la Tanga,
TANGA.

Kupitia kwa: Afisa Mtendaji wa Kata ya ……

YAH: TAKA KUTOZOLEWA GHUBA LA MTAA WA …… TANGU TAREHE ……

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

1. Mimi ni mkazi wa anwani iliyotajwa. Ninalipa ushuru wa taka Sh …… kwa mwezi. Nakala za risiti za miezi ya …… zimeambatishwa (Kiambatisho A).

2. Ghuba la mtaa wetu halijazolewa tangu tarehe ……. Picha za tarehe ……, …… na …… zimeambatishwa (Kiambatisho B). Kwa mujibu wa ratiba iliyotolewa na ofisi yako, taka zinapaswa kuzolewa siku za …… na ……

3. Nilitoa taarifa kwa Mtendaji wa Mtaa tarehe …… na kwa Afisa Afya wa Kata tarehe ……. Niliahidiwa gari tarehe ……, halikuja.

4. Kutokana na hali hiyo mtaro umeziba na tarehe …… maji machafu yaliingia nyumbani kwangu na kuharibu …… yenye thamani ya Sh ……

5. Ninaomba: (a) taka zizolewe ndani ya siku 7, (b) nipewe ratiba ya uzoaji kwa maandishi, (c) nirejeshewe ushuru wa miezi ambayo huduma haikutolewa, (d) nijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 21 tangu barua hii ipokelewe.

Wako mtiifu,
(jina na saini)

Aya ya 5 ndiyo roho ya barua, na ndiyo wakazi huisahau. Ofisi ikiombwa "mtuangalie wananchi wenu" inaweza kujibu kwamba imewaangalia. Ikiombwa mambo manne yenye tarehe, itabidi iyajibu moja moja, au inyamaze na ukimya wake uwe ushahidi.

Kupitisha barua kwa mtendaji wa kata ni heshima ya utaratibu, lakini usimwachie. Subiri asaini na kugonga muhuri, kisha uipeleke mwenyewe masijala. Barua iliyoachwa mezani kwake inaweza kulala hapo hadi umesahau.

Masijala nenda na nakala mbili. Moja inabaki, nyingine inagongwa muhuri wa "imepokelewa" wenye tarehe, na mpokeaji anasaini. Uliza namba ya jalada ambamo barua imeingizwa na uiandike kwenye nakala yako. Ukikataliwa muhuri, usigombane. Andika kwenye nakala saa uliyofika na cheo cha aliyekataa, kisha uende Posta uitume kwa rejista au EMS. Stakabadhi ya Posta inachukua nafasi ya muhuri.

Mkiwa wengi, barua iwe moja yenye karatasi ya majina. Kila mkazi aandike jina, namba ya nyumba, simu na saini. Kichwa cha barua kirudiwe juu ya kila ukurasa wa saini. Bila hicho, mtu anaweza kudai kwamba saini zile zilikusanywa kwa jambo jingine. Teueni mmoja wa kuwasiliana na ofisi na wa akiba mmoja. Na kila aliyedhurika kwa namna yake aandike madhara yake kwenye karatasi yake, kwa sababu kurejeshewa ushuru kwa mmoja hakumrudishii godoro wa pili.

Kosa jingine la kawaida ni nakala kwa kila mtu: Mkuu wa Wilaya, Mkuu wa Mkoa, Mbunge, Waziri, vyombo vya habari, zote siku ya kwanza. Kila ofisi inaona nyingine zimeshapata, inangoja. Nakala ya kwanza impe diwani wako peke yake. Baraza la madiwani hukutana kila robo mwaka, na diwani mwenye barua yenye muhuri anaweza kuuliza swali lenye tarehe. Mikutano ya kawaida ya baraza ni ya wazi, unaweza kuhudhuria kusikiliza jibu.

Sambamba na barua, mfumo wa e-Mrejesho wa serikali unapokea malalamiko kwa mtandao. Utumie, uhifadhi namba utakayopewa, lakini usiuache ukachukua nafasi ya barua.

Siku 21 zikipita

Andika ukumbusho wa aya moja, utaje tarehe na namba ya jalada ya barua ya kwanza, utoe siku 14 nyingine. Siku hiyo hiyo, peleka ombi tofauti la taarifa chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya 2016. Kila raia anaweza kuomba taarifa iliyoko kwenye ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa ikujibu ndani ya siku 30. Asiyejua kuandika anaweza kueleza kwa mdomo na afisa akamwandikia.

Omba vitu vyenye majina. Kwa taka: nakala ya mkataba na mzabuni wa kata yako, ratiba ya uzoaji, kumbukumbu za safari za gari kwa miezi uliyolalamikia. Kwa kibali cha ujenzi: tarehe maombi yalipoingia, tarehe ya kila kikao kilichoyajadili, muhtasari wa sehemu inayokuhusu. Kwa kizimba cha soko: orodha ya waliogawiwa na vigezo vilivyotumika. Jibu la ombi hili mara nyingi lina uzito kuliko jibu la lalamiko, kwa kuwa linatoka kwenye kumbukumbu za ofisi yenyewe. Ghuba ambalo kumbukumbu za ofisi zinaonyesha limezolewa tarehe ambayo picha yako ina rundo la taka ni kosa lisilohitaji shahidi wa pili.

Ukumbusho nao usipojibiwa, mwandikie Katibu Tawala wa Mkoa, ambatisha mlolongo mzima, omba amwelekeze Mkurugenzi ajibu. Mpe siku 14. Kwa hesabu hiyo, tangu barua ya kwanza hadi hapa zimepita siku zisizofika 50, na jalada lako limekamilika.

Muda wa mahakama

Aya hii isomwe na kila mwenye jambo la fedha nyingi, ardhi au leseni iliyofutwa. Anayetaka Mahakama Kuu ipitie uamuzi wa halmashauri anatakiwa aombe kibali ndani ya miezi 6 tangu uamuzi utolewe. Anayetaka kuishtaki halmashauri kwa madai ya kawaida anatakiwa atoe kwanza notisi ya siku 90, na nakala ifike kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Wakili Mkuu wa Serikali. Usitegemee kwamba kulalamika kwa Tume kunasimamisha siku hizo.

Hapo hapo, ukishafungua shauri, Tume inaweka kalamu chini. Kwa hiyo weka alama kwenye kalenda mwezi wa 4 tangu uamuzi. Kama kufika hapo Tume haijaonyesha mwelekeo, muone mwanasheria au msaidizi wa kisheria anayetambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, uamue njia moja. Kwa jambo la ushuru wa taka au barua isiyojibiwa, Tume inatosha na mahakama itakugharimu kuliko unachodai. Kwa kiwanja kilichogawiwa watu wawili, fikiria mahakama mapema.

Lalamiko kwa Tume

Sheria haidai fomu maalumu. Unaweza kueleza kwa mdomo mbele ya afisa wa Tume akaandika, lakini kwa aliyeko Tanga maandishi yanaokoa safari. Makao makuu yako Dodoma. Zipo pia ofisi Dar es Salaam, Zanzibar, Mwanza na Lindi. Anwani za sasa zichukue kwenye tovuti ya Tume, na utume kwa EMS au uwasilishe kwa mkono ukipata muhuri wa mapokezi.

Lalamiko lisizidi kurasa tatu, viambatisho mbali. Ukurasa wa kwanza: jina lako, anwani, simu, jinsia na umri, jina la halmashauri unayoilalamikia na idara, na sentensi mbili za kiini. Kwa mfano: "Halmashauri imepokea ushuru wa taka kwa miezi 5 bila kuzoa taka na haijajibu barua zangu tatu. Naomba Tume ichunguze." Kisha mlolongo wa tarehe, kosa, madhara, uliyokwishafanya, unachoomba. Sema wazi kwamba jambo haliko mahakamani wala kwenye baraza lolote, kwa sababu wataliuliza. Viambatisho vipewe herufi na kila kimoja kitajwe ndani ya maelezo. Karatasi isiyotajwa popote haisomwi.

Unalalamika kwa niaba ya mama mzee au jirani mgonjwa? Ambatisha barua fupi yenye saini yake au dole gumba akikuruhusu. Ukiogopa kulipiziwa, ombeni siri kwenye aya ya kwanza, mkieleza hofu ni ya nini hasa.

Ombi la mwisho lilingane na kosa. Yanayoombwa na kupendekezwa kwa kawaida ni: ofisi ijibu na kutoa sababu, iombe radhi, irejeshe fedha, itoe kibali au leseni iliyozuiliwa, isahihishe kumbukumbu, ilipe fidia ya hasara iliyothibitishwa, ibadilishe utaratibu ili wengine wasikumbwe. Ukiomba afisa afukuzwe kazi, unaihamisha Tume kwenye nidhamu ya watumishi, ambayo ina mamlaka zake.

Baada ya kupokelewa

Subiri namba ya jalada la Tume. Ikichelewa mwezi, piga simu au andika kuiulizia. Tangu hapo kila mawasiliano yabebe namba hiyo. Afisa atapima kwanza kama jambo liko ndani ya mamlaka ya Tume. Likiwa nje, utaelekezwa pa kwenda. Omba maelekezo hayo kwa maandishi, maana ofisi inayofuata itauliza.

Likipokelewa, halmashauri itaandikiwa itoe maelezo. Hapa mambo mengi madogo huisha: barua ya Tume inafika, gari la taka linakuja, kibali kinatoka. Usiseme "basi yameisha" kwenye simu. Andika Tume kilichotekelezwa na kilichobaki kati ya maombi yako manne. Taka zikizolewa lakini ushuru wa miezi mitano haukurejeshwa, lalamiko bado liko hai kwa sehemu hiyo.

Tume inaweza pia kuwakutanisha kwa usuluhishi. Nenda, ni njia ya haraka. Makubaliano yaandikwe kabla ya kuondoka chumbani: nani atafanya nini, kiasi gani, tarehe gani, na nini kitatokea tarehe ikipita. Makubaliano yasiyo na tarehe yanakurudisha ulikotoka.

Maelezo ya halmashauri yakija, utapewa nafasi ya kuyajibu. Yajibu aya kwa aya, kwa namba zao. Pale wanaposema kweli, kubali. Mchunguzi anayekuona unakubali la kweli atakuamini unapokanusha la uongo. Pale wanapotaja barua ambayo hukuipata, omba waonyeshe namba ya kumbukumbu na jinsi ilivyotumwa.

Kuusoma uamuzi

Uamuzi ukifika, tafuta vitu vitatu: Tume imekubali kosa gani, imekubali madhara gani, na imependekeza nini kifanyike kwa tarehe ipi. Mara nyingine kosa linakubaliwa na madhara yanakataliwa. Hiyo maana yake ushahidi wa hasara haukutosha, na kama unayo risiti ambayo hukuipeleka, iandikie Tume uombe ifikiriwe, ukieleza kwa nini haikuwepo mwanzo. Tume ikikataa kuchunguza, omba sababu kwa maandishi. Utazihitaji kwa mwanasheria.

Mapendekezo yakiwa upande wako, peleka nakala kwa Mkurugenzi kupitia masijala, na muhuri wako kama siku ya kwanza. Mpe nakala diwani, aiulizie barazani. Hesabu muda uliotajwa, usiozidi miezi 3, tangu tarehe ya mapendekezo. Wiki moja kabla haujaisha, iandikie Tume barua ya mistari mitano: pendekezo la kwanza limetekelezwa au la, la pili limetekelezwa au la, na kadhalika. Muda ukiisha bila hatua ya maana, andika tena ukiomba Tume itumie mamlaka yake chini ya kifungu cha 28 kwenda mahakamani, au ikupendekeze wewe uende, na umpe mwanasheria jalada zima: faili la kadibodi, daftari, na kila nakala yenye muhuri.